Ngiri Aliyekataa Kuuamkia Mlima

Paukwa!

Mbona mnaitikia kama mliokula kiporo kibichi? Nasema, paukwa!

Pakawa!

Pakawa mlima na wapandaji wake. Mwenye pumzi apande, asiye nayo akae hapa anisikilize.

Hapo zamani za kale, kale kwelikweli, wanyama waliposema na milima ikajibu, aliondokea Ngiri. Ngiri wa siku hizo si huyu mnayemwona porini. Miguu yake ilinyooka, shingo juu, mkia juu, na magoti yake hayajawahi kugusa vumbi. Wenzake walipiga magoti kuwaamkia wakubwa, kama ilivyokuwa desturi ya kwao. Yeye alitikisa kichwa kidogo tu, akapita zake. Magoti, alisema, ni ya wanyonge.

Lakini kulikuwa na mmoja aliyempenda kuliko makuu yake yote, naye ni mama yake. Na mama huyo alikuwa anapofuka. Ukungu ulianza jicho la kulia, ukahamia la kushoto, mpaka ikawa anamjua mwanawe kwa kumpapasa uso. Ngiri akitaka kulia, alitoka nje ya shimo ili mama asimsikie.

Akaitwa Bi Korongo, mganga wa nyika ile. Akayatazama macho, akasema dawa ipo, ila iko mbali: maji yanayodondoka chini ya barafu, kule kileleni kwa Mlima. Macho yaoshwe kwayo kabla hayajafunga kabisa. Yakishafunga, basi tena.

"Mtakaokwenda, njiani mtakuta vituo vitatu," akasema Bi Korongo. "Kila kituo tueni mizigo, pigeni magoti, fumbeni macho, uamkieni Mlima. Msinyanyuke mpaka pumzi zitulie na mjibiwe. Ule ni mkubwa wenu."

Ngiri alikuwa na sahibu yake, Pimbi, aliyekaa kichuguu cha jirani. Pimbi ni kadogo, mnamjua, ukikatazama utadhani panya aliyeshiba. Lakini moyo wake! Hakungoja kuombwa. Aliposikia tu habari za mama, akaanza kusuka shanta za ukindu, moja ya mgongo wa Ngiri na moja ya mgongo wake. Kila mmoja akatia ndani kibuyu chake cha maji, chakula chake cha viazi na karanga, na blanketi lake. Wakajitwika, wakaondoka.

Wakaenda, wakaenda, wakaenda. Wakaingia msitu wenye miti iliyovaa ndevu, wakaingia mianzi, wakatokea mwisho wa mianzi. Hapo ndipo kituo cha kwanza.

Pimbi akatua mzigo, akapiga magoti, akafumba macho. "Shikamoo, Mlima. Sisi ni wapita njia, tunaomba njia."

Ngiri alibaki wima. Hakusikia kitu ila upepo. Alimtazama Pimbi pale chini, macho kafumba, pumzi zinapanda na kushuka, akaona huu ni upotezaji wa wakati na mama anapofuka. Mara shetani akamnong'oneza. Akatoa kibuyu chake cha maji, akakisukumiza chini kabisa ndani ya shanta ya Pimbi. Kibuyu kimoja tu, akajiambia. Nikiwa mwepesi nitafika upesi, mama apone.

Pimbi akafumbua macho, akasema amejibiwa. Wakajitwika tena.

Wakaenda, wakaenda, wakaenda. Miti ikaisha. Wakaingia bonde lenye mimea ambayo Ngiri hajawahi kuiona, minene, mirefu kuliko twiga, imesimama kimya ndani ya ukungu kama wazee waliotoka msibani. Hakuna ndege aliyelia. Manyoya ya shingo yakamsimama Ngiri, akatamani kuongea kwa sauti ndogo, na hakujua kwa nini. Hicho kilikuwa kituo cha pili.

Pimbi akapiga magoti, akaamkia. Na Ngiri? Ngiri alikuwa na kazi. Akahamisha chakula chote, viazi na karanga zake, akaweka juu ya kile kibuyu.

Safari hii Pimbi alipojitwika aliyumba. Akamtazama Ngiri kidogo. Kisha akakaza mikanda, akaenda.

Wakaenda, wakaenda, wakaenda. Nyasi zikaisha, yakabaki mawe matupu, na anga ikawa bluu ya kutisha. Kituo cha tatu. Pimbi akapiga magoti, na Ngiri akahamisha blanketi. Mnacheka? Chekeni. Wangapi hapa wamemwachia mwenzao ndoo nzito kisimani?

Sasa shanta ya Ngiri ilikuwa tupu. Akamwambia Pimbi kwamba yeye atatangulia, kwa sababu ya mama. Pimbi akamsihi asubiri pumzi zitulie. Ngiri hakusubiri. Akaondoka mbio, mkia juu, akifurahia wepesi wake.

Mbio za sakafuni huishia ukingoni. Hakufika mbali, kichwa kikaanza kumgonga. Akatapika. Akasema, ngoja ninywe maji. Maji yako wapi? Mgongoni kwa Pimbi. Akasema, basi nitafune kiazi nipate nguvu. Kiazi kiko wapi? Mgongoni kwa Pimbi. Ukungu ukashuka, mzito kama uji, na baridi ikamwingia mpaka kwenye meno. Akasema, nijifunike japo kidogo. Blanketi liko wapi?

Mgongoni kwa Pimbi.

Akaita. Hakuna aliyeitika. Akaenda huku, akarudi huko, hajui njia iko wapi. Akamwaza mama yake, amekaa mlangoni na macho yake yale, anasikiliza kila kishindo. Akasema moyoni, nimemuua mama yangu. Akainua mguu apige hatua nyingine. Miguu ikakataa. Magoti yakakunjika, akaanguka nayo juu ya mawe.

Sikilizeni sasa. Kule chini, kwenye usawa wa magoti, ukungu ulikuwa mwembamba. Ngiri akaona. Mbele yake, pale alipotaka kukanyaga, hapakuwa na ardhi. Palikuwa na shimo refu ambalo macho hayakufika chini yake.

Kisha ukungu wote ukapasuka, kama pazia lililoshikwa na mtu. Na Mlima ukawa pale. Ukuta wa barafu, mweupe, wenye ubluu ndani yake, ulipanda mpaka macho yakashindwa kuufuata. Mawingu yalikuwa chini yake. Nyika yao yote, na mito yake, na makundi yake, ilikuwa chini huko, ingefunikwa na ukwato mmoja. Na kila kitu kilikuwa kimya. Ngiri alikuwa ameupanda Mlima huo tangu mianzini, na hakuwa ameuona.

Machozi yakamtoka. Hakulia kwa baridi, wala kwa kichwa. Alilia kwa sababu hajawahi kuwa mdogo hivyo, na hakuona aibu.

"Shikamoo, Mlima," akasema.

Jibu halikuja masikioni. Lilipanda kutoka kwenye jiwe, likaingia magotini, likafika kifuani.

"Marahaba, mwanangu. Mbona uko peke yako?"

Ngiri akageuka, akatazama njia aliyotoka.

Akabaki pale pale mpaka aliposikia kwato ndogo zikikwaruza mawe. Ni Pimbi. Amepinda mgongo, shanta imemzidi kimo, anapanda polepole, anapumzika, anapanda. Akamfunika Ngiri blanketi. Akamnywesha maji. Akamvunjia kiazi. Ngiri akala akiwa bado kwenye magoti.

"Vitu hivi ni vyangu," Ngiri akasema. "Nilikutwika mimi, ulipofumba macho."

"Najua. Nilijua tangu kituo cha pili."

"Na ukanyamaza?"

"Nilidhani umechoka, unaona haya kusema."

Jamani! Heri angempiga.

Wakapanda pamoja, pumzi kwa pumzi, Ngiri amebeba shanta zote mbili. Wakafika chini ya barafu, wakakinga maji tone kwa tone, kibuyu kikajaa. Lakini wakati wa kushuka, Pimbi hakuweza kunyooka. Mgongo ulikuwa umekataa. Ngiri akataka kumbeba. Pimbi akasema la, kutikiswa njia nzima kutammaliza, na macho ya mama hayangoji. Tena mawe ya pale yana jua zuri. Mpaka leo pimbi hukaa juu ya mawe, anaota jua.

Ngiri akashuka peke yake. Kila kituo alitua mzigo, akapiga magoti, akangoja. Akafika kwao, akapiga magoti mbele ya mama, akamwosha macho, la kulia, kisha la kushoto.

Mama akapepesa. Akamtazama mwanawe.

"Mbona umekuwa mfupi?"

"Nimepiga magoti, mama."

Mama hakuwahi kumwona hivyo. Kisha akatazama nyuma ya bega lake, kichuguu cha jirani, mlangoni.

"Na mwenzio yuko wapi?" akauliza.

Tangu siku hiyo, ngiri akila hupiga magoti. Nendeni porini mkamtazame. Watu husema ni kwa sababu shingo yake ni fupi. Mimi nawaambia, hawezi kutia chakula kinywani akiwa wima, kwa sababu anakumbuka ni nani aliyekibeba.

Basi, wanangu: mkubwa huamkiwa, na safari ndefu haina ujanja. Mzigo unaomtwika mwenzako kwa hila, huenda uhai wako umo humo humo.

Hadithi yangu imetua hapa. Ikiwa tamu, jitwikeni mwende nayo. Ikiwa chungu, niachieni, mgongo wangu ungalipo.