Jani la Mghoi

Sogeeni, wajukuu zangu, masikio yaje mbele. Hapo kale, kale ambayo hata bibi yangu aliisikia tu, palikuwa na msichana wa milimani Taita, jina lake Mghoi. Akaolewa chini nyikani, kwenye jua kali. Marehemu mama yake alimwachia kitu kimoja: mmea mfupi wa majani manene, yanayong'aa kama yamepakwa mafuta.

Mghoi akaupanda chunguni, akaupenda. Asubuhi maji, jioni maji. Asubuhi maji, jioni maji! Na maji yenyewe, wanangu, yalitoka mbali, kichwani.

Mama mkwe wake, Mkamburi, akamwambia, "Mwanangu, mmea huo hauna kiu."

"Mama, huu ni wa mama yangu. Niachie."

Majani yakageuka manjano. Mghoi akazidisha maji. Yakadondoka, shina likaoza, likanuka. Mnajua alisema nini? "Mkamburi ameuroga!" Tena mbele ya majirani! Enzi hizo neno hilo lilitosha mtu kufukuzwa kijijini. Mkamburi akajifungia ndani, hata moto hakuwasha.

Mghoi akafunga mzigo arudi kwao. Alipokwenda kuanua mkeka wake juu ya mwamba nyuma ya nyumba, akaona jani la ule mmea, labda kuku ndiye aliyelileta, limesinyaa juani. Lakini pale lilipokatikia pametoka vimizizi kama nyuzi, na kichipukizi kama punje ya mtama.

"Ala! Wewe nani kakunywesha?"

Mghoi akatua mzigo. Akaokota majani mengine yaliyokuwa mazima bado. Moja akalitia topeni. Jingine akaliacha kidonda kikauke, akalilaza juu ya mchanga. Akangoja, akichungulia, akichungulia. La topeni likaoza. La mchangani likaota! Akapasua la tatu: maji tele ndani.

"Kumbe unatembea na kibuyu chako!"

Akawaita majirani walewale, akapiga magoti mlangoni kwa Mkamburi.

"Mama, mmea niliuua mimi kwa maji, nikakusingizia. Nisamehe."

Kisha mlango ukafunguka.

"Njaa inaniuma," akasema Mkamburi. "Washa moto kwanza, mwanangu. Msamaha tutaula na ugali."

Basi, wajukuu zangu, ukipenda kitu, uliza kinachokifaa. Na kabla hujalaumu, uliza mara mbili. Kisa nimekitua hapa. Mwenye kichwa ajitwike.