Gari Lenye Nafasi Moja

Hapo zamani, lakini si zamani ya wafalme na mazimwi, maana shule zilikuwapo na maji ya bomba hayakuwapo, aliishi mwalimu wa sayansi aitwaye Mbazi. Kabla ya ualimu mama huyo alipima ubora wa maziwa kwenye kituo cha kukusanyia maziwa. Siku moja bosi alionja akasema, "Safi." Wapimaji wote wakaitikia, "Safi." Mbazi naye akaitikia, ingawa pua yake ilikataa. Watoto wa kijiji wakaugua matumbo. Mbazi akaacha kazi, akaenda kusomea ualimu.

Ndiyo maana darasani kwake kulikuwa na sheria. Wanafunzi walikaa watatu watatu: mmoja anawaza, mmoja anajaribu, mmoja anapinga. Jibu ambalo hakuna aliyelipinga, alilifuta ubaoni.

Wasichana watatu wa kidato cha nne walipewa maji ya mto, mazito kwa tope.

Namsifu akawaza. "Tutie unga wa mbegu za mlonge."

Nakijwa akajaribu. Alibeba ndoo kila asubuhi, akatwanga, akakoroga, akakosea, akamwaga, akarudi mtoni. Mwishowe maji yakang'aa.

Eliwaza akapinga. "Yanang'aa, ndiyo. Nani amekunywa?"

"Una wivu tu," Namsifu akamwambia. Na kweli, hawakuwa wakisalimiana tangu wagombanie kitanda cha chini bwenini.

Eliwaza akayafunika maji, akayaacha. Alipofunua baada ya siku kadhaa, yalinuka. "Haya, mwenye kiu asogee!"

Ikabidi wayachuje na kuyachemsha mara tu yanapotakata. Ndipo yakafaa, na shule nzima ikanywa.

Yakaja maonyesho ya sayansi mjini. Gari lilikuwa na nafasi moja, na atakayepanda angesomeshwa hadi kidato cha sita. Wawili watakaobaki wangerudi nyumbani kulima tangawizi.

Namsifu akasema, "Bila wazo langu, mngekuwa mnakunywa tope."

Nakijwa akasema, "Wazo halibebi ndoo. Tazameni mabega yangu."

Eliwaza akasema, "Bila mimi, mngepeleka uvundo mjini."

"Ulipinga kwa chuki!" wakamjibu wote wawili.

"Chuki au si chuki, maji yalinuka, hayakunuka?"

Dereva akapiga honi. Mwalimu Mbazi akasema, "Aende Namsifu. Eliwaza, kazi yako. Pinga."

Eliwaza akatazama chini. "Leo sipingi, Mwalimu. Nikipinga mtasema najipigia debe."

"Basi, Nakijwa, pinga wewe."

"Mimi nilipewa ndoo, Mwalimu. Sikupewa kupinga."

Jibu lilikuwapo, na hakuna aliyelipinga. Dereva akapiga honi tena, akawasha gari.

Haya, nyie mnaochambua mchicha, nijibuni kabla sijaipua ugali, na kila atakayejibu ajue mwenzake atampinga: je, nani alistahili kupanda lile gari?