Kwa Nini Chungu Hugongwa Kwanza

Hadithi imefika mlangoni, iambieni iingie. Na wewe unayenong'ona huko nyuma, funga bakuli lako, maana hili sirudii.

Zamani, watu wa milimani walishikilia jambo moja la kipuuzi: mkono ni wa kufanya kazi, jicho ndilo la kujua. Kugusa kitu ambacho bado si chako kulikuwa tusi kwa mwenye nacho. Siku ya vyungu, wanawake walipanga mstari kwa mfinyanzi, mikono mgongoni, wakatazama, wakasifu rangi, wakachagua. Basi! Mtu alichukua chungu cha kuhifadhia mbegu kama anayechagua mchumba kwa kumwona kisogo.

Namkunda, mjane mwenye watoto watatu, alikuwa amechoshwa na mambo hayo. Miaka miwili mfululizo alitia mbegu za mtama kwenye chungu kizuri, akakifunika na kukiziba mdomo kwa udongo. Miaka miwili mfululizo alifungua akakuta ukungu. Ufa mwembamba usioonekana ulikuwa umepitisha unyevu. Mwaka huo alibakiwa na kibuyu kimoja tu cha mbegu, alichopewa na kaka yake kwa masimango. Zikioza na hizo, watoto wake wangetawanywa kulelewa kwa watu.

Zamu yake ilipofika, alimsalimu Bibi Nakiete, mfinyanzi, kisha akakitazama chungu alichowekewa mbele.

"Bibi, nitajuaje kama hiki ni kizima?"

"Kitazame, mwanangu. Kwani huna macho?"

"Ninayo! Ndiyo hayo yaliyonilaza njaa miaka miwili!"

Nyuma yake mtu akasonya. "Jamani, si uchukue tu wengine tupite?"

Hapo Namkunda akashindwa kujizuia. Mkono ukamtoka mgongoni, akakigonga chungu kwa kifundo cha kidole, ko ko ko, kama anayebisha hodi kwa mtu aliyemo ndani na hataki kuitika. Chungu kikatoa mlio mfupi, mzito, wa gogo bovu. Kwa kuwa hasira ilikuwa haijaisha, akagonga na kilichokuwa pembeni yake. Hicho kikalia ngoooo, sauti ndefu. Namkunda akaduwaa. Vyungu vya udongo mmoja, rangi moja, vimechomwa kwa moto mmoja!

"Toka hapa!" Bibi Nakiete alifoka. "Umenitukana mbele za watu."

"Nitatoka, bibi. Lakini kwanza vitie maji."

Bibi, akitaka kumuumbua, aliviweka vyote viwili juu ya majivu makavu, akavijaza maji. Watu hawakumaliza hata kumsema Namkunda. Majivu chini ya chungu cha kwanza yalikuwa yameloa. Ya cha pili yalibaki makavu.

Bibi Nakiete aliinama akayagusa yale majivu kwa mkono. Alivigonga vyungu vyake kimoja kimoja, kisha akaingia ndani akakigonga chungu chake mwenyewe cha mbegu. Kikajibu kama gogo. Alipobandua kifuniko, harufu ya uvundo iliwafikia waliosimama nje. Akatoka ameshika kichwa.

"Nimewaozeshea wangapi?" aliuliza.

Wengi wao walikuwa pale pale kwenye mstari. Namkunda alikuwa na maneno ya miaka miwili ya kumtolea, lakini akakishika kibuyu chake cha mbegu.

"Lete kikapu, bibi," alisema, bado kanuna. "Mbegu zangu ni chache, ila tutagawana. Na mwakani ugonge kwanza, ndipo uwape watu."

Na tangu siku hiyo, watu hawachukui chungu bila kukigonga. Nazi tunaitikisa, parachichi tunalibonyeza, kiazi tunakichoma kijiti. Juzi mjukuu wangu wa chuoni kaja mbio kunieleza kwamba wataalamu wanaunda mashine yenye mkono, ili itikise kopo ijue lina nini ndani, kwa kuwa jicho lake peke yake halitoshi. Halitoshi! Ndiyo kwanza wanajua leo!

Basi mtoto wako akikaa sakafuni akapiga sufuria kwa mwiko, akaitupa, akaiokota, akaipiga tena mpaka kichwa kikuume, nawe usimzabe kofi. Anauliza. Na wapo watu waliolala njaa kwa kuzuiwa kuuliza hivyo.