Pombe Iliyorudi Kibuyuni

Wewe unayesema huna kinyongo na mtu, nani kakuuliza?

Huko milimani Taita, mtoto akidhoofika, ndugu hutaja hasira zao na kutema funda la pombe ya miwa, ili apone. Mghoi alipokuwa anakwisha, wazazi wake walitaja zao, wakatema, udongo ukainywa. Bibi yake, Mkawasi, akatema: "Moyo wangu mweupe!" Pombe ikainuka, ikarudi kibuyuni.

"Upepo tu huo," akasema, akatema tena. Ikarudi.

Mara ya tatu ikarudi, na Mghoi akafumba macho.

"Mama, sema kweli!" baba mtoto akalia. "Anatuacha!"

Bibi akapiga magoti. "Nilimlaani mimi, siku mlipomnyima jina langu."