Aliyepanda Mlima Hazimwi Mlangoni

Aliyepanda mlima hazimwi mlangoni. Mmemsikia shangazi yenu akimwambia hivyo mwanawe, pale alipomkatiza mkewe aliyerudi sokoni na hasira zake, nanyi mkaja kuniuliza: kwani mtu ni taa, hata azimwe? Swali zuri. Maneno hayo hayakutoka kwenye taa. Yalitoka kwenye gari, na gari lenyewe nililijua vizuri, maana lilikuwa la jirani yangu hapa hapa Kwemkole.

Jirani huyo aliitwa Singano. Alikuwa na pikapu ya dizeli, ya kuteremshia viazi na kabichi hadi Mombo na kupandisha mbolea. Mnaujua mlima ule. Kutoka Mombo mpaka hapa kwetu ni kona juu ya kona, na gari lenye mzigo hupanda likilia njia nzima.

Pikapu hiyo ilikuwa na turbo. Hiza, dereva wa zamani aliyemuuzia Singano gari, alimweleza kabla ya kumkabidhi ufunguo. Turbo, alisema, ni feni ndogo inayozungushwa na moshi wa injini yenyewe, nayo huisukumia injini hewa ili ipate nguvu. Gari likipanda mlima, feni hiyo huzunguka kwa kasi isiyosemeka, na chuma chake huweza kuwaka moto kikawa chekundu kama kaa. Kinachoiokoa ni oili, inayopita ndani yake bila kukoma. Lakini oili husukumwa na injini. Ukizima injini ghafla, oili inasimama, feni bado inazunguka, na moto haujapungua.

"Kwa hiyo ukifika usizime papo hapo," Hiza alimwambia. "Liache lingurume kidogo, lipoe. Na asubuhi ukiwasha, usilikanyagie mafuta kabla oili haijapanda. Oili nayo ibadilishe kwa wakati wake, usingoje iwe lami. Ukifanya hayo, turbo utaisahau kama unavyosahau figo zako."

Singano alilishika somo lile. Tulizoea kumwona amefika, ameshuka, anafungua turubai, na gari linanguruma polepole uani. Akimaliza kusalimia watu ndipo anazima.

Basi baba yake, Mzee Kupaza, akaugua kifua. Aliishi peke yake kule bondeni tangu afiwe na mkewe, na Singano akaona si vyema, akamleta kwake. Mzee huyo alikuwa karani wa mahakama ya mwanzo miaka mingi, na sauti ya mahakamani haikumtoka. Alikuwa akisema "Kimya!" hata jogoo wanakatiza kuwika. Si kwamba alikuwa mbaya. Alikuwa mtu aliyezoea kwamba akinyoosha mkono, ukumbi mzima unatulia.

Chumba alichopewa kilikuwa cha mbele, dirisha likitazama uani. Siku ya kwanza Singano aliporudi na mbolea, akaliacha gari lingurume kama kawaida, sauti ikatoka dirishani: "Zima hilo dubwana lako! Linanigonga kifuani!"

Singano akazima.

Mnasema angeegesha mbali? Angeweza. Hata mimi nilimwambia, aliache pale kwenye mashine ya kusaga. Akanijibu kwamba baba akisikia gari limesimama mbali ataona amelifukuza kwa kelele zake mwenyewe, atavunjika moyo. Na tena, mtoto akikaripiwa na mzazi mgonjwa hakai kupiga hesabu. Anatii. Ikawa ndiyo desturi: gari linamaliza kupanda mlima likiwa moto, linaingia uani, na kabla magurudumu hayajatulia ufunguo umeshageuzwa.

Miezi ikapita. Gari likaanza kupiga mluzi likipanda, mluzi mwembamba kama birika inayokaribia kuchemka. Kisha moshi ukageuka rangi, ukawa wa buluu. Singano akichomoa kijiti cha kupimia oili anakuta imepungua, anaongeza, anasafiri. Alikuwa akijiambia kwamba mavuno yakiisha atalipeleka kwa fundi.

Mavuno hayakungoja. Asubuhi moja Mzee Kupaza alishindwa kupumua. Midomo ilimbadilika rangi, mikono ikawa baridi. Hospitali iko huko juu, kwenye mgongo wa mlima, na mlima ulioko kati yetu na hospitali ni mkali kuliko ule wa Mombo. Tukambeba mzee, tukamketisha mbele. Mimi nikapanda nyuma, Singano akawasha.

Tulikwenda vizuri mpaka mpando ulipoanza hasa. Hapo mluzi ukawa yowe, tukasikia kitu kimekwaruza ndani ya boneti, halafu nguvu ikaisha. Ilikuwa kama mtu aliyeachia kamba. Moshi wa buluu ukatufunika hata nisione barabara tuliyotoka. Singano akaingiza gia ya kwanza, gari likatambaa, likasimama. Akavuta breki ya mkono, akabaki ameshika usukani kwa mikono miwili kana kwamba atalisukuma kwa kifua.

"Shuka," nikamwambia. "Gari halipandi tena."

Mzee alikuwa anavuta pumzi kwa mkoromo, macho yamemtoka. Hakuweza kusema kitu, hata hilo "Kimya" lake. Nikapiga ukelele kwa watu waliokuwa wakipalilia viazi kando ya barabara. Mungu awalipe watu wale. Waliacha majembe, wakaja na kitanda cha kamba kutoka nyumba ya karibu, tukamlaza mzee kwa kumwinua kifua, tukapokezana mpaka juu. Singano alikataa kupokelewa. Alishika mguu ule ule wa kitanda tangu mwanzo, na tulipofika bega lake lilikuwa limechubuka linatoa damu.

Mzee akawekewa hewa, akachomwa sindano, akarudi. Daktari alituambia kwamba tungechelewa zaidi kidogo tungekuwa tunaongea habari nyingine.

Alipopata ruhusa ya kutoka, gari lilikuwa limeshavutwa mpaka karakana, si mbali na hospitali. Singano alikwenda kulitazama, na mzee akasema naye anataka kwenda. Tukambembeleza apumzike, akakataa. Akakalishwa kwenye stuli, na fundi akaleta turbo aliyoifungua.

Ndani kulikuwa na ukoko mweusi, kama sufuria iliyounguza uji. Oili ilikuwa imeungulia humo, ikaziba njia yake yenyewe. Mhimili wa feni ulikuwa umekwaruzika, na mapanga yake yamevunjika ncha.

"Gari hili lilikuwa likizimwa lingali la moto," fundi akasema. "Si mara moja. Kila siku. Nani alikuwa analiendesha?"

"Mimi," Singano akajibu.

"Hukufundishwa kwamba likitoka mlimani lisubiriwe?"

"Nilifundishwa."

Fundi akashangaa. Akaeleza tena yale yale ya Hiza, habari ya feni na oili na moto, na Singano akasikiliza ameinamisha kichwa kama anayeyasikia mara ya kwanza. Hakumtazama baba yake hata kidogo. Lakini mzee alikuwa anasikiliza kila neno.

"Kwa hiyo," Mzee Kupaza akauliza taratibu, "likinguruma vile uani, lilikuwa linapoa?"

"Ndiyo, mzee. Ndiyo dawa yake."

"Nami nilikuwa nasema lizimwe."

"Baba, usijisumbue," Singano akasema. "Ufunguo ulikuwa mkononi mwangu."

"Ufunguo ulikuwa mkononi mwako," mzee akasema, "lakini sauti ilitoka kinywani mwangu." Kisha akainuka kwenye stuli, tukamrudisha nyumbani.

Sasa sikilizeni, maana methali bado haijazaliwa. Mzee huyu alikuwa na binti, Mwanaidi, mdogo wake Singano, aliyeolewa Korogwe. Katika zile taharuki hakuna aliyempelekea habari. Akaja kuzisikia sokoni, kwa mtu baki. Akapanda gari mpaka lilipoishia, kipande kilichobaki akakipanda kwa miguu juani. Tulikuwa tumekaa barazani tumekuja kumwangalia mgonjwa, tukamwona anaingia uani, kanga imeshuka mabegani, anahema.

Hakutoa hata salamu. "Kaka, baba alitaka kufa nami naambiwa na muuza nyanya! Mimi si mtoto wa nyumba hii? Mama naye alipougua mliniita wakati wa kuzika!"

Singano akasimama upesi, akamziba njia mlangoni. "Mwanaidi, nyamaza. Baba yuko ndani, hataki kelele."

Kutoka ndani mzee akaita, kwa sauti ya mgonjwa, lakini tuliisikia sote. "Singano, mwache. Aliyepanda mlima hazimwi mlangoni."

Singano akapisha. Mwanaidi akaingia, akasimama mbele ya kitanda, akasema yote. Alisema ya mama yake. Alisema jinsi alivyokuja siku moja kulalamika kuhusu mumewe, akaambiwa "Kimya" na baba huyu kabla hajavua viatu, akarudi alikotoka na kilio chake tumboni. Mzee alikuwa amelala anamtazama, hakumkatiza hata mara moja. Sauti ya binti ikaanza kushuka yenyewe. Ikawa maneno ya kawaida, kisha minong'ono, kisha akaketi ukingoni mwa kitanda, akalia.

"Umemaliza, mama?" mzee akauliza.

"Nimemaliza, baba."

"Mleteeni maji," mzee akasema. Kisha akamshika mkono. "Sasa nieleze habari ya mumeo. Ile ya siku ile. Nieleze toka mwanzo."

Tuliokuwa barazani tukaondoka mmoja mmoja bila kuaga, tukawaachia nyumba yao. Lakini neno lile tuliondoka nalo, kila mtu kwake, na ndivyo lilivyofika mpaka kwa shangazi yenu, na leo kwenu: aliyepanda mlima hazimwi mlangoni.