Swichi Zisizosema Kitu

Soma hii polepole mpaka mwisho, halafu mtumie yule rafiki yako anayeishi kwa wasiwasi.

Osmunda alikuwa mama mdogo mwenye mtoto mchanga, na kazi yake ilikuwa kupiga chapa nyumbani. Ofisi moja ilikuwa ikimtumia mahojiano yaliyorekodiwa, anayasikiliza, anayaandika. Hakujua kazi nyingine ambayo mtu angeifanya huku mwanawe Fokasi amelala pembeni, kwa hiyo hii aliishika kwa mikono miwili.

Kibodi yake ilikuwa ya zile zenye swichi ndogo chini ya kila herufi, na swichi zenyewe zilikuwa na mlio. Ukibonyeza, ta. Ukibonyeza, ta. Akisikia mlio anajua herufi imeingia, hata chini haangalii.

Lakini alipanga kwenye nyumba ya vyumba, zile ambazo kuta hazifiki juu kabisa, ukipiga chafya huku, wa chumba cha pili anakuambia pole. Siku moja anaanika nepi uani, jirani yake Mama Editruda, mwanamke wa sauti nzito, akamwambia mbele ya wapangaji wote:

"We mama, kila siku unakaanga bisi humo ndani, hata kikombe kimoja hujatugawia. Uchoyo huo umefundishwa na nani?"

Watu wakacheka. Osmunda hakucheka. Alirudi ndani akakaa kitandani, akawaza, huyu amechoka na kelele zangu, atamwambia mwenye nyumba, mwenye nyumba atanikataza, nikikatazwa kazi imeisha, kazi ikiisha huyu mtoto atakula nini, na baba yake yuko mbali na simu yenyewe haipatikani. Akawaza hivyo mpaka jioni. Kumuuliza Mama Editruda hakumuuliza.

Kesho yake akambeba Fokasi mgongoni mpaka kwa Njelekela, fundi wa kompyuta. Fundi akamwekea swichi mezani azijaribu kwa kidole.

"Hizi za mlio, kama zako. Hizi zina kinundu, kidole kinakisikia lakini sikio halisumbuki sana. Na hizi ni laini tupu, hazisemi kitu."

Osmunda akabonyeza zile za kinundu, akabonyeza tena. Alizipenda. Akazisukuma kando.

"Nipe zisizosema kitu."

"Dada, hizo ni nyepesi mno kwa mkono wako. Nimekuona, wewe hubonyezi, unagonga."

"Nipe hizo hizo, kaka. Nataka mtu akipita dirishani asijue kama nipo."

Chumba kikawa kimya, na kazi ikaharibika. Kidole kikitua tu herufi imeingia, mara nyingine imeingia mara mbili, na yeye hana habari. Mkulima aliyesema alikata mti akasomeka alikataa mti. Ofisi ikamrudishia kazi, akarekebisha, ikamrudishia tena, safari hii na ujumbe mfupi: makosa yakiendelea, tutatafuta mtu mwingine.

Alikuwa bado ameushika ujumbe ule mkononi aliposikia hodi. Alikuwa Mama Editruda. Osmunda hakungoja salamu.

"Mama, nisamehe, nimeshabadilisha swichi, sasa hivi hazisikiki kabisa."

"Swichi? Za taa?"

"Za kibodi. Zile za kelele, ulizolalamikia."

Mama Editruda akaketi bila kukaribishwa.

"Nani kalalamika? Mimi nilikusikia unaongea na mama yako kwenye simu, nikasikia Kingoni, nikasema hapa nimepata mtani. Mimi Mhehe, mama, na Mhehe na Mngoni ni watani tangu enzi za babu zetu. Nikakutania, nikangoja na wewe uniseme, uniambie hata nina sauti ya trekta. Ukanuna. Na tangu siku ile humu ndani kimya. Mimi ile sauti nikiisikia najua jirani yangu yupo, anafanya kazi, na mtoto ni mzima. Nisipoisikia silali mchana. Ndiyo maana nimekuja kuangalia kama mko hai."

Osmunda akafunika uso kwa kanga. Hakujua kama analia au anacheka, vyote vilikuja pamoja. Akamsomea ule ujumbe wa ofisi.

"Sasa unangoja nini? Nenda kwa fundi wako," Mama Editruda akasema, akanyoosha mikono. "Na huyo Mngoni mdogo mlete hapa. Namchukua awe faini ya kununa. Ukirudi uje umkomboe."

Osmunda akampa mtoto. Alikuwa hajawahi kumwachia mtu hata mara moja.

Kwa fundi hakuuliza ipi ina kelele na ipi haina. Alifumba macho, akabonyeza moja moja, kisha akachukua za kinundu.

Funzo: Kabla hujakiacha kinachokufaa kwa kuogopa maneno ya jirani, mwulize jirani mwenyewe alikuwa na maana gani.