Kifaru Ajifunza Drafti

Hapo zamani za kale, wanangu, sogeeni, na wewe wa nyuma acha kumfinya mwenzio, palikuwa na Bi Pimbi. Mwili mdogo, lakini mdomo, usiseme! Aliishi na watoto wake wanne chini ya jabali lenye kivuli kizuri.

Siku moja, du! du! du! Kifaru huyo.

"Jirani, jua kali. Hameni, kivuli hiki nakitaka mimi."

Bi Pimbi akawatazama wanawe. Watoto atawapeleka wapi? Lakini akacheka kama anayepokea mgeni.

"Karibu, kaka! Kivuli chetu kinachezewa drafti. Ukinifunga, tunahama leo leo."

"Drafti siijui."

"Nitakufundisha!" Akachora ubao kwa mkaa juu ya jiwe, akapanga vijiwe na mbegu za ukwaju. "Kete inakwenda mbele, mshazari, hatua moja. Hairudi nyuma mpaka ifike mwisho iwe kingi, mfalme wa ubao."

"Mshazari ndiyo nini?"

"Kwa pembeni, kaka. Kama unavyopita ukimwona mama mkwe njiani."

"Aaa! Hapo nimeelewa."

"Na ukigusa kete, cheza hiyo hiyo. Ukigusa mbili, umefungwa." Hii ya mwisho aliitunga palepale, msimwambie mtu.

"Rahisi!" Kifaru akashusha mguu ubaoni. Puu!

"Umegusa sita!" watoto wakapiga kelele.

Akarudia. Puu! Nane. Akarudia tena. Puu! Ubao mzima. Kifaru akautazama mguu wake, masikio yamelala, akaondoka bila kuaga. Bi Pimbi alimwonea huruma, kusema kweli, ila hakumwita.

Kesho yake, du! du! du! Kifaru karudi, kijiti mdomoni. Akasukuma kete moja, taratibu, mshazari. Bi Pimbi akanywea. Ilipofika adhuhuri, kete yake ya mwisho ikaliwa.

"Haya, wanangu, fungeni virago," akasema, machozi yakimlengalenga.

"Mwende wapi?" Kifaru akaguna. "Mkiondoka nitacheza na nani? Hebu panga tena!"

Akajilaza mlangoni, nusu kivulini nusu juani, na watoto wakampanda mgongoni ili waone ubao vizuri. Bi Pimbi akapanga kete huku akijifuta macho.

Basi, wanangu, mkitaka kumhadaa jirani, angalau mfundisheni kitu cha maana, kwa sababu kesho atarudi.